Inzi Mweupe Hazai Peke Yake



Mwaka 1894 mtaalamu wa mimea wa Kijerumani aitwaye Otto Warburg aliandika habari za mihogo iliyougua katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Majani yake yalijikunja yakaingia mabaka. Ugonjwa huo ni batobato, na taarifa hiyo ndiyo ya kwanza kuandikwa juu yake na mwanasayansi. Miaka ya 1930, katika kituo cha utafiti cha Amani kwenye milima ya Usambara, H. H. Storey alianza kutafuta mihogo inayoustahimili. Akiwa huko huko, mwaka 1936, akaueleza kwa mara ya kwanza ugonjwa wa pili, michirizi kahawia, ule unaomwachia mkulima shina lenye majani ya kutosha huku chini mhogo umeoza mabaka makavu ya rangi ya udongo. Mwaka 1938 yeye na mwenzake R. F. W. Nichols wakachapisha kazi yao juu ya batobato na mdudu anayeieneza. Mdudu huyo ni inzi mweupe. Watafiti wa Amani waliuchavusha muhogo wetu kwa mti wa mpira ulio ndugu yake, na uzao uliotokana na kazi hiyo ulivuka hadi Nigeria ukawa mzazi wa mihogo mingi iliyoboreshwa inayolimwa Afrika leo.

Basi elimu ya maradhi haya ilizaliwa hapa. Elimu ya mdudu mwenyewe, hasa ya jeni zinazomwezesha kuzaa kwa wingi, imekulia mbali, tena kwa inzi ambaye si wetu. Nitaeleza kwa nini jambo hilo lina uzito, lakini kwanza tumjue mdudu.

Urefu wake hauzidi sana milimita moja. Mabawa yake yamepakwa unga wa nta, ndiyo maana anaonekana mweupe. Hukaa chini ya jani, na jike hutaga mayai huko huko, kila yai likiwa na kikonyo kilichochomekwa ndani ya jani. Tunutu akianguliwa hutembea kidogo, akachoma mdomo wake mahali panapomfaa, kisha hatembei tena mpaka awe na mabawa. Katika joto la pwani au la kanda ya ziwa, safari yote kutoka yai hadi mdudu mzima huchukua wiki tatu hivi au nne. Wanaopima wingi wake shambani huligeuza taratibu kila moja la majani matano ya juu ya kichipukizi na kuhesabu inzi wazima walioketi humo.

Hesabu hizo zilipanda vibaya mwishoni mwa miaka ya 1980 na katika miaka ya 1990, kuanzia Uganda. Wakati huo virusi viwili vya batobato vilikuwa vimekutana ndani ya mmea mmoja, vikabadilishana vipande vya vinasaba, kikatoka kirusi kikali kuliko vyote viwili. Jambo hilo lilithibitishwa mwaka 1997. Mashamba yalikauka, watu wakaacha kulima mihogo wilaya nzima nzima, na njaa ikaingia. Aina mpya zinazostahimili batobato ziliokoa maisha, na waliozileta wanastahili heshima. Lakini nyingi kati ya hizo zilikistahimili kirusi bila kumzuia inzi; inzi aliendelea kustawi juu yake. Kuanzia mwaka 2004 michirizi kahawia, tuliyoizoea kama maradhi ya pwani na nchi za chini, ikaonekana Uganda, kisha kandokando ya Ziwa Viktoria, mahali palipo juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Aliyeieneza ni yule yule.

Swali langu la leo ni hili: mdudu dhaifu kiasi hiki, anayepeperushwa na upepo mdogo, anapata wapi uwezo wa kuzaa namna hiyo?

Tuangalie chakula chake. Inzi mweupe hanywi kitu kingine ila utomvu mtamu unaopita katika mishipa ya jani. Utomvu huo una sukari nyingi kupita haja, hata mdudu hulazimika kuitoa nje kwa matone, na ukungu mweusi mnaouona juu ya kisamvu huota juu ya matone hayo. Kinachokosekana ni vifaa vya kujengea mwili. Protini zote hujengwa kwa asidi amino ishirini, na karibu nusu yake wanyama hawawezi kuzitengeneza, lazima wazile. Sisi tunazipata kwenye maharage, samaki na maziwa. Katika utomvu wa mmea ni haba mno, na vitamini za kundi B nazo ni haba. Mdudu anayetegemea chakula hiki peke yake asingeweza kutengeneza hata yai moja, kwa sababu yai ni protini tupu pamoja na mafuta.

Anaweza kwa sababu hayuko peke yake. Ukimtazama tunutu kwa hadubini utaona tumboni mwake madoa mawili ya rangi ya manjano iliyokolea. Hayo ni mafungu ya seli kubwa zilizojaa bakteria. Bakteria mkuu humo anaitwa Portiera aleyrodidarum. Amekaa na ukoo wa inzi weupe kwa mamilioni ya miaka, na katika muda huo ameachia karibu kila kitu alichokuwa nacho. Bakteria wa kawaida wa tumboni mwa binadamu ana jeni zaidi ya 4,000. Portiera wa inzi mweupe amebakiwa na chini ya 300 zinazotengeneza protini. Hawezi tena kuishi nje ya mdudu. Lakini katika jeni hizo chache alizobaki nazo, sehemu kubwa inashughulika na kitu kimoja, yaani kutengeneza asidi amino ambazo inzi hazipati kwenye utomvu. Alivyovitupa ni vya kwake mwenyewe, na alivyovihifadhi ni vya mwenyeji wake. Kwa mawazo yangu hakuna ushahidi wa utegemeano ulio wazi kuliko huo.

Vidukari wanaokausha kunde zetu wana mpango wa namna hiyo hiyo na bakteria mwingine, Buchnera, ambaye alipewa jina kwa heshima ya Paul Buchner, Mjerumani aliyetumia maisha yake kuchunguza wadudu na wakaaji wao. Jenomu ya Buchnera ilisomwa yote mwaka 2000. Wadudu wengi wanaofyonza utomvu wana ushirika wa aina hii. Sitakaa huko, narudi kwa inzi mweupe, kwa sababu namna anavyowarithisha watoto wake bakteria hao ni jambo ambalo mpaka sasa linanishangaza.

Wadudu wengi hurithisha bakteria kwa kuwatoa ndani ya seli na kuwamimina kwenye yai. Inzi mweupe hafanyi hivyo. Yeye humpa kila mtoto seli nzima. Yai linapokomaa ndani ya mama, seli moja iliyojaa bakteria hutoka mahali pake, husogea hadi kwenye kokwa, na kuingia ndani ya yai ikiwa hai na kamili, pamoja na kiini chake. Mwaka 2018 Junbo Luan, Angela Douglas na wenzao walionyesha kwamba seli hiyo haifi baada ya kufika. Inaishi, inagawanyika, na kwa binti inakuwa chanzo cha seli zake zote za kuhifadhia bakteria, huku ikibaki na vinasaba vya mama. Fikirini mama anayemwachia binti yake kibuyu chenye mabaki ya maziwa yaliyoganda ili yagandishe maziwa mapya. Inzi mweupe humwachia binti yake kibuyu, mabaki, na mkono wake mwenyewe ulioshika kibuyu. Katika mwili wa inzi jike mnayemwona juu ya kisamvu kuna sehemu ambayo kwa vinasaba si yake, ni ya mama yake, na mama yake naye aliipata kwa bibi.

Dume naye huanza maisha na seli hizo, kwa sababu yai lake nalo lilipokea seli ya mama. Lakini kadiri anavyokua hupungua na kujifia, huku kwa dada zake zikiongezeka. Dume hatagi mayai, hivyo kwa bakteria ni njia isiyo na mwisho mwema. Jeni zinazoamuru seli hizo zife kwa dume na zistawi kwa jike zipo ndani ya jenomu ya inzi mwenyewe, na sasa zimeanza kutambuliwa moja moja.

Nimesema jenomu ya inzi. Ilisomwa kwa mara ya kwanza mwaka 2016, kwa inzi wa aina inayosumbua nyanya na pamba katika mabara mengi, na ikakutwa na jeni zaidi ya 15,000. Miongoni mwake zilikuwemo kadhaa ambazo hazifanani na jeni za mdudu yeyote. Zinafanana na za bakteria. Zamani sana, kwa njia ambazo hatujazijua zote, vipande vya vinasaba vya bakteria viliingia katika kromosomu za inzi na kubaki humo, vikarithiwa kama jeni zake nyingine. Baadhi hutengeneza vitamini B kama biotini na asidi pantotheniki, baadhi hukamilisha hatua za kutengeneza asidi amino ya lisini ambazo Portiera amezipoteza. Maabara ya Luan, iliyoko Shenyang kaskazini mashariki mwa China, ilizima jeni hizo za vitamini kwa zamu. Vitamini husika ilipungua ndani ya mdudu, na uwezo wake wa kuzaa ukapungua nao. Walipompa vitamini ile ile katika chakula, hali ilirekebika. Hivyo ndivyo kazi ya jeni inavyothibitishwa: uizime, uone kinachoharibika, kisha urudishe kile kilichokosekana uone kama kinapona. Hatua ya mwisho huachwa na watafiti wengi kwa sababu ni ndefu, lakini ndiyo inayotofautisha dhana na ushahidi.

Mwaka 2021 ikaja habari kubwa zaidi. Kundi la Youjun Zhang, wa Chuo cha Sayansi za Kilimo cha China huko Beijing, lilionyesha kwamba inzi mweupe ana jeni moja iliyotoka kwenye mmea. Mimea hutengeneza sumu za kujikinga na wadudu, na ili sumu hizo zisiidhuru yenyewe, ina jeni za kuzifunga zisiwe kali. Inzi alipata nakala ya jeni kama hiyo, na sasa anazima sumu za mmea kwa silaha ya mmea wenyewe. Huo ulikuwa mfano wa kwanza kuthibitishwa wa jeni kuhama kutoka mmea hadi mdudu. Watafiti wale hawakuishia hapo. Walitengeneza nyanya zinazotoa RNA ya kuizima jeni hiyo ndani ya inzi anayezifyonza. Karibu inzi wote walikufa, na wadudu wengine waliojaribiwa kwenye nyanya zile zile hawakudhurika. Nawaomba mkumbuke sentensi hiyo ya mwisho, tutairudia.

Sasa uzazi wenyewe. Kwa inzi mweupe, yai lililorutubishwa huwa jike na lisilorutubishwa huwa dume. Jike asiyekutana na dume hataki ruhusa ya mtu kutaga. Hutaga, na watoto wake wote ni madume. Uwiano wa majike na madume basi unategemea mayai mangapi yamerutubishwa. Na shambani, majike ndio wanaoamua kizazi kijacho kitakuwa kikubwa kiasi gani.

Hapa wanaingia bakteria wa kundi la pili. Portiera yumo katika kila inzi mweupe. Hawa wa pili, kina Hamiltonella, Rickettsia, Arsenophonus, Wolbachia na Cardinium, wengine wanao na wengine hawana. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020, inzi wa nyanya walioondolewa Hamiltonella walizaa madume mengi na majike machache. Bakteria huyo hutengeneza vitamini B, ikiwemo foleti, na pasipo vitamini hizo urutubishaji wa mayai hulegea. Walipoongezewa, majike yaliongezeka tena. Bakteria anayerithiwa na mama ana faida yake katika kuzaliwa kwa majike, kwa sababu ni majike tu wanaomsafirisha, na jeni zake zimejiingiza katika jambo ambalo tungedhani ni siri ya mdudu mwenyewe.

Mfano wa Rickettsia ni wa kutisha zaidi kwa kasi yake. Katika jimbo la Arizona, Marekani, watafiti wa maabara ya Molly Hunter walikuwa wakikusanya inzi weupe wa mashambani mwaka hadi mwaka. Mwaka 2000 inzi wenye Rickettsia walikuwa asilimia moja hivi. Mwaka 2006 walikuwa asilimia 97. Walipopimwa, wenye bakteria huyo walizaa watoto wengi zaidi, watoto wao wengi zaidi walifika utu uzima, na sehemu kubwa zaidi yao ilikuwa majike. Katika miaka sita inzi wa eneo zima walibadilika kuwa wadudu wengine, na mabadiliko hayo hayakutokana na jeni za inzi.

Mtu akisoma habari hiyo akiwa Mwanza au Kilifi atasema: basi, jibu limepatikana, inzi wetu wameongezeka kwa sababu ya Rickettsia. Wenzetu wa Natural Resources Institute ya Chuo Kikuu cha Greenwich, Uingereza, wakiongozwa na M. N. Maruthi, walilipima jambo hilo kwa inzi wa mihogo wa Afrika na kuchapisha matokeo mwaka 2018. Inzi waliokuwa na Arsenophonus na Rickettsia kwa pamoja walikua polepole, na wachache wao walifika utu uzima, kuliko ndugu zao wasio na bakteria hao. Kule Arizona Rickettsia alikuwa baraka kwa inzi. Huku, akiwa na mwenzake, ni mzigo. Na Hamiltonella, yule anayeongeza majike kwa inzi wa nyanya, kwa kawaida haonekani kabisa katika inzi wa mihogo wa Afrika.

Hili ndilo jambo nililokuja kulisema. Inzi mweupe tunayemwita kwa jina moja la kisayansi, Bemisia tabaci, si spishi moja. Ni kundi la spishi makumi kadhaa ambazo kwa macho huwezi kuzitofautisha, lakini kwa vinasaba ziko mbali, na nyingi hazizaliani. Wale wanaokaa kwenye mihogo yetu ni wa kwetu, wa Afrika kusini mwa Sahara. Jenomu yao ilichapishwa mwaka 2019, na kwa ukubwa na idadi ya jeni inakaribiana na ya wale wengine. Lakini kukaribiana kwa idadi si kufanana kwa kazi. Karibu majaribio yote niliyowaeleza ya kuzima jeni na kuangalia uzazi yamefanywa kwa inzi wa nyanya na pamba, wenye bakteria wengine, waliofugwa juu ya mimea mingine. Muhogo una sumu zake, zikiwemo zile zinazotoa sianidi. Inzi wa mihogo anazizima kwa jeni zipi? Ikiwa hana Hamiltonella, foleti ya kurutubishia mayai anaipata kwa nani? Haya ni maswali ya Afrika Mashariki, na mtu wa Beijing au Arizona hana haja ya kuyajibu kwa niaba yetu, kwa sababu hali mihogo.

Niguse kwa ufupi upande wa virusi, maana uzazi na ugonjwa havitengani. Virusi vya batobato hupita ndani ya mwili wa inzi: kutoka utumboni, katika damu yake, hadi kwenye tezi za mate. Njiani vingeweza kuharibiwa. Imeonyeshwa kwa virusi vya jamii hiyo hiyo vinavyoshambulia nyanya kwamba protini moja ya bakteria wakaaji, iitwayo GroEL, hushikamana na kirusi na kukikinga. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Zhejiang walionyesha pia kwamba kirusi cha nyanya kinachokunja majani na kuyatia manjano hujishikiza kwenye vitelojenini, ile protini ambayo mama huisafirisha kwenda kujengea kiini cha yai, na kwa njia hiyo huingia ndani ya yai. Mtoto huanguliwa tayari ameambukizwa. Michirizi kahawia ni tofauti: virusi vyake havizunguki mwilini. Inzi huvichukua kwa muda mfupi wa kufyonza na huvipoteza ndani ya siku chache, kwa hiyo ili visambae vinahitaji inzi wengi wanaorukaruka kutoka shina hadi shina. Ukipunguza uzazi wa inzi, ugonjwa huo ndio utakaoumia kwanza.

Tutaupunguzaje? Viuatilifu mnavijua. Mkulima wa mihogo mara nyingi hana fedha ya kuvinunua, na akivinunua huua pia nyigu wadogo wanaotaga mayai ndani ya tunutu wa inzi mweupe na kutufanyia kazi bure. Inzi mweupe naye ni hodari wa kuzoea sumu. Hapo ndipo sentensi ile ya nyanya za Beijing inapokuwa na maana: karibu inzi wote walikufa, na wengine hawakudhurika. Kuzima jeni kwa RNA, mbinu iliyogunduliwa na Andrew Fire na Craig Mello mwaka 1998 na kuwapa Tuzo ya Nobel mwaka 2006, hutegemea mfuatano wa herufi za jeni husika. Ukichagua kipande kilichomo kwa inzi mweupe peke yake, nyuki na nyigu hawahusiki. Kwa mdudu mwingine mbinu hii tayari imetoka maabara: Marekani iliruhusu mwishoni mwa mwaka 2023 dawa ya kunyunyizia yenye RNA dhidi ya mbawakawa anayekula majani ya viazi mviringo. Kwa inzi mweupe kazi ni ngumu zaidi, kwa kuwa hatafuni jani; anafyonza mshipa tu, na dawa iliyo juu ya jani haimfikii. RNA lazima iwe ndani ya utomvu.

Hilo linatuleta kwenye mimea iliyobadilishwa jeni, na najua ukumbini humu kuna wenye wasiwasi. Wasiwasi wenu una haki ya kujibiwa kwa ushahidi. Kenya mwaka 2021 iliidhinisha muhogo uliobadilishwa jeni ili uvizime virusi vya michirizi kahawia kwa RNA. Tanzania mwaka huo huo ilisimamisha majaribio ya mazao yaliyobadilishwa jeni. Sitaki kuamua shauri hilo jukwaani. Ninachosema ni kwamba nchi isiyozijua jeni za wadudu wake haiwezi kuidhinisha kwa busara wala kukataa kwa busara. Anayekataa asiseme tu kwamba inatisha. Aonyeshe kipande kile cha RNA kinafanana na jeni ya nyuki gani. Anayekubali naye aonyeshe kwamba hakifanani na yoyote.

Kuna pia njia zisizogusa mmea. Kule Asia, mwaka 2020, watafiti walifanikiwa kumwingiza Wolbachia katika panzi-jani wa kahawia anayeangamiza mpunga, na wadudu waliombeba walisambaza kwa shida kirusi cha kudumaza mpunga. Wolbachia anajisambaza mwenyewe, kwa kuwa dume mwenye bakteria huyo akipanda jike asiye naye, mayai hayaanguliwi.

Na msidhani kwamba kumshinda mdudu kwa njia ya uzazi wake ni ndoto ya nchi tajiri. Mbung'o si mdudu wa mazao, lakini mfano wake ni wetu. Katika miaka ya 1990 madume ya mbung'o yalifugwa Tanga, yakahasishwa kwa mionzi, yakamwagwa kwa ndege juu ya Unguja kwa mamilioni. Jike wa mbung'o aliyepandwa na dume kama huyo hazai. Mbung'o wa mwisho alinaswa mwaka 1996, na mwaka uliofuata kisiwa kikatangazwa kuwa hakina tena mbung'o. Na mbung'o huyo huyo ana bakteria wake, Wigglesworthia, anayempa vitamini B. Jike akiondolewa bakteria huyo huwa tasa. Wataalamu waliofuga mbung'o Tanga waliwalea wadudu kwa uvumilivu, wakajua wanazaa lini, wanakula nini, wanakufa kwa nini. Kazi hiyo haikuwa na maabara ya kifahari.

Kwa inzi mweupe tunahitaji mambo ya kawaida kabisa. Vyumba vya kufugia inzi wa mihogo, juu ya mihogo, katika vituo vyetu: Mikocheni, Naliendele, Namulonge kwa ndugu zetu wa Uganda. Koo zilizotambuliwa kwa vinasaba, kila moja ikijulikana ina bakteria gani. Mashine za kusoma vinasaba siku hizi zipo za ukubwa wa kiganja, na kijana aliyehitimu shahada ya kwanza anaweza kufundishwa kuzitumia. Kuzima jeni kwa kumdunga au kumlisha inzi RNA ni kazi ya mkono mtulivu na hadubini nzuri. Gharama yake ni ndogo ukiilinganisha na mihogo inayotupwa kila msimu kwa kuoza ardhini.

Mwaka 2020 kundi la Jason Rasgon, Marekani, lilifanikiwa kuhariri jeni za inzi mweupe kwa kuwadunga majike wazima badala ya kuhangaika na mayai madogo mno. Chombo cha kuhariria kilisafirishwa hadi kwenye mayai kwa kupitia ile ile njia ya vitelojenini ambayo kirusi cha nyanya huitumia. Jeni waliyoihariri ni ya rangi ya macho, kwa kuwa matokeo yake huonekana upesi. Njia imefunguliwa. Sasa inahitaji mtu wa kuzihariri jeni zenye maana kwetu: ile inayoamuru seli ya bakteria iingie ndani ya yai, ile inayozima sumu ya muhogo, zile zinazoziba pengo la Hamiltonella asiyekuwepo.

Wanafunzi wa elimu ya wadudu, wengi wenu mnaandika tasnifu juu ya kuhesabu inzi na kupima viuatilifu. Kazi hizo zina nafasi yake, lakini zimefanywa vya kutosha. Chagueni jeni moja ya inzi wa mihogo, mwizime, mpime mayai, na mrudishe kilichokosekana mwone kama mayai yanarudi. Walimu wenzangu, tuwasimamie katika hilo hata kama sisi wenyewe hatukufundishwa. Wizara zetu za kilimo na zinazogharimia utafiti zitenge fedha za kufuga wadudu, kwa sababu mradi wa miaka mitatu ukiisha na ukoo wa inzi ukafa, kila kitu huanza upya.

Na ninyi wakulima, mpaka matunda ya kazi hiyo yafike, pandeni pingili zilizotoka kwenye mashina yasiyo na batobato na ambayo mihogo yake mmeipasua mkaiona ni mizima ndani. Mkiona inzi weupe wamezidi katika majani matano ya juu, mpelekeeni afisa ugani habari mapema, na mruhusuni achukue wachache katika kichupa. Inzi hao wa shambani kwenu ndio tunaohitaji kuwachunguza.